Saa za Kale na Mkono wa Fundi

Mwezi Septemba 2005, watu wachache walijipenyeza ndani ya jengo la Panthéon jijini Paris, wakajitengenezea karakana ya siri humo humo, na kwa takribani mwaka mzima wakashughulika na jambo moja: kuifufua saa kubwa ya jengo hilo. Ilikuwa saa ya karne ya 19, kazi ya nyumba ya Wagner, na ilikuwa imelala ikiota kutu tangu miaka ya 1960. Kikundi hicho kilijiita Untergunther, na aliyeongoza kazi alikuwa Jean-Baptiste Viot, fundi saa wa kusomea. Walipomaliza walimwendea msimamizi wa jengo wakamweleza kila kitu, maana saa ikishatembea lazima awepo mtu wa kuitia ufunguo. Uongozi ukawashtaki. Mwaka 2007 mahakama ikawaachia huru, lakini saa yenyewe ilikuwa imekwisha kusimamishwa tena.

Ndani ya kisa hicho mna karibu maswali yote yanayoihusu kazi ya kukarabati saa za kale. Nani ana haki ya kuigusa? Kuiacha ile kutu bila kuguswa kunaweza kuitwa uhifadhi? Na ikiguswa, irudishwe ilivyokuwa siku ilipotoka kwa fundi wake wa kwanza, au ibaki na alama za kila aliyewahi kuitengeneza? Majibu hutofautiana kutoka saa moja hadi nyingine, lakini wanaozifungua kila siku wanakubaliana juu ya jambo moja: sehemu kubwa ya uharibifu wanaoukuta ndani umeletwa na matengenezo ya zamani. Kwa hiyo anayetaka kuijua kazi hii vizuri aanze kwa kujua saa inavyougua, kisha inavyotibiwa, na mwisho inavyoumizwa na dawa.

Kinachoisimamisha saa

Saa ya ufunguo ina mambo matatu: nguvu, msururu wa magurudumu ya meno, na kizuizi kinachoiachia nguvu hiyo kidogo kidogo. Nguvu hutoka kwenye kamani iliyokazwa au kwenye chuma kizito kinachoning'inia. Magurudumu huipokezana hadi la mwisho, ambalo meno yake hunaswa na kuachiwa na kipande chenye umbo la nanga, jino moja kila pendulamu inapokwenda na kurudi. Ndipo unapotoka mlio wa tik-tak. Mholanzi Christiaan Huygens alipobuni saa ya pendulamu mwaka 1656, kosa la saa nzuri lilishuka kutoka kama robo saa kwa siku hadi kufikia sekunde chache tu.

Saa ndefu ya kusimama sakafuni, ambayo pendulamu yake ina urefu wa karibu sentimita 99, hupiga mara 86,400 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya mara milioni 31. Saa iliyotengenezwa mwaka 1780, hata kama ilitembea nusu tu ya umri wake, imekwisha kupiga zaidi ya mara bilioni 3. Hakuna gari wala cherehani inayodaiwa kazi ya namna hiyo.

Mihimili ya magurudumu ni ya chuma cha pua, na ncha zake huzunguka katika matundu yaliyotobolewa kwenye bamba za shaba ya manjano. Mtu angetarajia shaba, kwa ulaini wake, ndiyo iishe kwanza. Tundu hutanuka kweli, upande ule unaosukumwa, likawa na umbo la yai. Lakini ukiichunguza ncha ya mhimili kwa kioo cha kukuzia utaiona imelika, ina mifereji iliyoizunguka. Sababu ni vumbi. Chembe ngumu hujipachika ndani ya shaba kwa sababu ni laini, zikabaki hapo kama msasa, na kila mzunguko huikwangua ncha ya chuma. Magurudumu yanaanza kuachana, meno yanaumana kwa ncha badala ya kuumana kwa tumbo, nguvu inapotea njiani, na saa inasimama huku kamani ikiwa bado imejaa.

Mafuta nayo yana muda wake. Yakikaa miaka huganda yakawa gundi. Mwenye nyumba akiona saa imesimama huchukua mafuta ya cherehani, au yale ya kopo la kupulizia, akaimwagia. Saa huondoka, naye hufurahi. Kwa kweli ameyeyusha uchafu wa zamani ukachanganyika na mafuta mapya, na sasa uchafu huo unasaga kwa kasi kuliko mwanzo. Saa inayotembea ikiwa chafu inaumia kuliko iliyosimama ikiwa chafu.

John Harrison, seremala wa Kiingereza aliyekuja kulitatua tatizo la kupima longitudo baharini, alilikwepa balaa la mafuta kwa kuacha kuyatumia kabisa. Saa ya mnara aliyoitengeneza kiasi cha mwaka 1722 katika mazizi ya Brocklesby Park, Uingereza, ina magurudumu ya mbao, na sehemu zinazosuguana ni za mti wa lignum vitae, ambao una mafuta yake wenyewe ya asili. Bado inatembea.

Kufungua, kuosha, kupachika

Ukarabati kamili huanza na tendo la usalama. Kamani iliyokazwa imebeba nguvu ya kutosha kuvunja vidole, kwa hiyo fundi huilegeza kwanza, meno mawili matatu kwa wakati, akiwa ameushika ufunguo imara. Anayefungua bamba kabla ya kulegeza kamani huona magurudumu yote yakizunguka kwa kishindo, meno yakikatika na ncha zikipinda, katika muda usiozidi kupepesa jicho.

Kisha hufuata kumbukumbu. Kila kitu hupigwa picha kabla ya kutolewa. Skrubu haziwekwi pamoja ovyo, kwa kuwa katika saa za kabla ya viwanda kila skrubu ilikatwa kwa ajili ya tundu lake na haiingii kwingine. Vipande huoshwa, hukaushwa, na matundu husafishwa kwa vijiti vya mbao laini vilivyochongwa ncha. Fundi huingiza kijiti, hukizungusha, hukitoa kikiwa cheusi, hukichonga upya na kukirudisha. Kazi hiyo inarudiwa tundu kwa tundu mpaka kijiti kitoke cheupe.

Kisha huja kupachika bushi, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu jipya la ncha ya mhimili, na hapo ndipo ujuzi wa fundi unapoonekana. Tundu lililotanuka haliwezi tu kutobolewa likawa kubwa zaidi na kuzibwa, kwa sababu kitovu chake kimekwisha kuhama. Kwanza fundi hulikwangua kwa tupa nyembamba upande ule ambao haujalika, kwa kiasi kile kile kilicholika upande wa pili, ili kitovu kirudi mahali alipokiweka fundi wa kwanza. Ndipo hulipanua liwe duara, hupachika bushi ya shaba iliyokerezwa kwa kipimo chake, na huilainisha hadi iwe sawa na uso wa bamba. Ncha ya mhimili husuguliwa na kung'arishwa. Gurudumu hurudishwa peke yake kati ya bamba mbili na kusukumwa kwa pumzi tu: likizunguka kwa wepesi na kusimama taratibu, bushi imekaa. Likisimama ghafla, kazi inaanza upya.

Mwishoni hutiwa mafuta, tone dogo kwa kila ncha. Meno ya magurudumu hayatiwi kitu, maana mafuta yangeyakusanyia vumbi. Kisha saa hutundikwa kwenye fremu ya majaribio na kuangaliwa kwa siku kadhaa kabla ya kurudi kwenye kabati lake.

Makosa yasiyofutika

Bushi ikiwa kazi ya saa nzima, wapo waliotafuta njia ya dakika moja: kupigilia nukta kuzunguka tundu kwa tindo ili shaba isogee na kulibana. Bamba nyingi za karne ya 18 zina pete za nukta hizo. Hazisaidii kwa muda mrefu na haziondoki. Wengine walimwaga lehemu kwenye viungo vilivyotakiwa kufungwa kwa pini. Wengine walibadilisha uzi wa utumbo katika saa ambazo kamani huvuta uzi uliozungushiwa koni ya shaba, wakaweka waya wa chuma ambao huchimba mifereji ya shaba ulimolala.

Kung'arisha nako kumefuta mengi. Shaba iking'arishwa kwa mashine, pembe zilizochongwa kwa mkono hupotea, na jina la fundi lililochorwa kwenye bamba huanza kufifia. Dawa za kuoshea zenye amonia nyingi huipa shaba mng'ao wa haraka, lakini shaba iliyo katika mkazo ikikaa na amonia hupasuka nyufa. Jeshi la Uingereza nchini India lilikutana na jambo hilo katika maganda ya risasi za shaba, ambayo yalipasuka yenyewe ghalani kwa hewa ya amonia iliyotoka kwenye mazizi ya farasi.

Hasara kubwa kuliko zote ni ile inayofanyika kwa bei nafuu. Ukarabati wa saa ya kawaida ya mezani unaweza kugharimu kuliko bei ya saa hiyo sokoni, huku mtambo wa kwazi wenye betri ukinunuliwa kwa fedha kidogo. Basi mtambo wa zamani hutolewa, wa betri hubandikwa nyuma ya uso ule ule, na mashine iliyodumu miaka 150 huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Itembee au ipumzike?

Hata fundi mwangalifu atafika mahali ambapo mikono haimwambii la kufanya. Katika kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, kuna saa ya chuma inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1386 hivi. Haina uso, ilitengenezwa kugonga kengele tu. Katika karne ya 17 iliondolewa kizuizi chake cha asili ikafungwa pendulamu, kama zilivyofanyiwa saa nyingi za wakati huo. Mwaka 1956 warekebishaji waliiondoa pendulamu na kuunda upya kizuizi cha zama za kati. Leo wageni huona saa inayofanana na ya 1386, lakini sehemu inayoamua mwendo wake ni ya 1956, na ushahidi wa miaka mingi ya utumishi ukiwa na pendulamu uliondolewa. Mtambo wa saa ya kanisa kuu la Wells, unaokaribiana nayo kwa umri, upo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London na umebaki na pendulamu yake ya baadaye. Ukiziweka pamoja, saa ya Wells inasimulia historia nzima, na ya Salisbury inasimulia ukurasa wa kwanza peke yake.

Saa za baharini za Harrison zilipitia njia nyingine. Mwaka 1920 Rupert Gould, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, alizikuta zimechakaa na kujaa uchafu. Akazitengeneza kwa zaidi ya miaka 10, akiandika alichokiona na alichokifanya katika madaftari ambayo yanawasaidia watafiti hadi sasa. Leo huko Greenwich saa tatu za kwanza, H1, H2 na H3, zinaendeshwa. Ya nne, H4 ya mwaka 1759, imesimamishwa kwa makusudi. Hiyo inahitaji mafuta, na kila siku ya kutembea ingekula kidogo sehemu ambazo hazina mbadala duniani. Uamuzi umefuata tabia ya mtambo wenyewe, na huo ndio mfano bora wa kuigwa.

Kwa saa ya mnara wa Westminster, ile inayoitwa Big Ben na watu wengi kwa jina la kengele yake, hakuna aliyefikiria kuipumzisha. Ilianza kazi mwaka 1859, na hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza senti za zamani juu ya pendulamu. Senti moja huibadilisha kwa kiasi cha sekunde 0.4 kwa siku. Tarehe 5 Agosti 1976, usiku wa manane, mhimili mmoja wa mtambo wa kengele za robo saa ulivunjika kwa uchovu wa chuma. Uzito wake ukaporomoka, mtambo ukazunguka bila breki, na vipande vikaruka chumba kizima. Ufa huo ulikuwa umekua ndani kwa miaka bila jicho kuuona. Saa ilirudi kazini kikamilifu Mei 1977, na tangu hapo ilikuwa wazi kwamba kusafisha na kutia mafuta hakutoshi kwa mashine ya ukubwa huo: chuma chenyewe lazima kipimwe. Katika ukarabati mkubwa ulioanza 2017, mtambo ulifunguliwa na kupelekwa kwa mafundi wa Cumbria, na uchunguzi wa rangi kwenye nyuso za saa ukaonyesha kuwa namba na mishale iliwahi kuwa ya buluu. Buluu hiyo ikarudishwa.

Prague ilipata sifa na lawama kwa kazi moja. Saa yake ya falaki, ambayo sehemu yake ya zamani kabisa ni ya 1410, ilikarabatiwa mwaka 2018. Mtambo wa umeme uliowekwa 1948, baada ya saa kuungua katika siku za mwisho za Vita vya Pili vya Dunia, uliondolewa, na mtambo wa miaka ya 1860 ukarudishwa. Mafundi wa mitambo walistahili pongezi. Lakini nakala mpya ya kalenda iliyochorwa na Josef Mánes katika karne ya 19 ilikuja kulalamikiwa mwaka 2022: watu waliilinganisha na picha ya asili wakaona sura, umri na mavazi ya wahusika vimebadilika. Miaka kadhaa ilipita kabla ya jambo hilo kuwa gumzo, kwa sababu wapitao njia huitazama saa kuliko wanavyoichunguza.

Saa katika hewa ya chumvi

Saa za namna hii si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akajulikana kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 jinsi vyumba vya majumba ya Unguja vilivyopambwa kwa vioo na saa. Zilikuwa ni mapambo ya heshima, na zilihitaji mafundi.

Pwani ina tabu zake kwa saa. Hewa ya chumvi hukishambulia chuma cha pua, na kamani yenye vidoa vya kutu hukatika pale pale penye kidoa. Unyevunyevu huvimbisha mbao za kabati na kuilegeza gundi ya ngozi iliyoshika mapambo yake. Joto hurefusha pendulamu: fimbo ya chuma ikipata joto nyuzi moja zaidi, saa huchelewa karibu nusu sekunde kwa siku.

Tena lipo jambo ambalo fundi asiyelijua atalitafuta bila kulipata. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na ikweta, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Mvuto wa dunia ni hafifu zaidi kuelekea ikweta, na pendulamu hubembea polepole. Kwa hesabu hiyo hiyo, saa ndefu iliyorekebishwa barabara London ikitundikwa Zanzibar itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku, hata kama ni nzima kabisa. Dawa yake ni kukaza nati iliyo chini ya pendulamu hadi urefu upungue kama milimita 3. Kuanza kukwangua nanga au kuongeza uzito, kwa kudhani saa imechoka, ni kuumiza mashine isiyo na ugonjwa.

Mfano mkubwa wa pwani ni Beit al-Ajaib, jumba la kisultani la Unguja. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Manowari za Uingereza ziliposhambulia tarehe 27 Agosti 1896, eneo la kasri liliharibiwa, na katika ujenzi uliofuata mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo hilo, ukawa alama ya Mji Mkongwe kwa wote wanaoingia kwa bahari. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na wafanyakazi wawili wakafariki. Mazungumzo yaliyofuata yalihusu zaidi kuta, nguzo na paa, na hilo linaeleweka. Lakini saa ya mnara ni mashine yenye historia yake, na inastahili wataalamu wake tangu hatua ya michoro.

Mikono iliyobaki

Desemba 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa saa za mitambo wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Uingereza ina Taasisi ya Saa iliyoanzishwa 1858, na chuo cha West Dean kinachofundisha uhifadhi wa saa kama taaluma kamili. Nchi za Afrika Mashariki zina mafundi saa wanaokaa barazani na mitaani, wenye kioo cha jicho, bisibisi ndogo na subira, ambao siku hizi wengi wao huishi kwa kubadilisha betri na mikanda. Ujuzi wa kukereza, kupima na kunoa haupo mbali nao. Katika karakana za vyuo vya ufundi upo tayari kwa matumizi mengine. Kinachokosekana ni kuwakutanisha na saa zenyewe, chini ya usimamizi wa makumbusho, kabla wazee waliojifunza kwa saa za ufunguo hawajaondoka.

Kwa mwenye saa ya urithi nyumbani, hatua ya busara ni ndogo: aisimamishe ikiwa chafu, asiipulizie kitu, ahifadhi kila kipande kilichotoka, na amtake fundi amwonyeshe sehemu alizobadilisha. Saa iliyotoka kiwandani kwa maelfu, ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa nyingine za aina yake, ikarabatiwe itembee, kwa sababu ndiyo kazi iliyonunuliwa kufanya. Saa ya pekee ichunguzwe kwanza, na ikibidi ipumzike kama H4.

Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kukwangua jina na tarehe nyuma ya uso au ndani ya bamba kila walipomaliza kazi, na alama hizo leo zinawaeleza watafiti saa ilipita mikononi mwa nani. Fundi wa sasa hana haja ya kuikwangua shaba. Karatasi moja ndani ya kabati inatosha, yenye tarehe, bushi zilizopachikwa, mafuta yaliyotumika na kilichoachwa bila kuguswa. Saa itakayorudi katika mnara wa Beit al-Ajaib, iwe ya zamani iliyokarabatiwa au mpya, ipate kumbukumbu ya namna hiyo kwa Kiswahili, na nakala yake iwekwe katika Nyaraka za Taifa Zanzibar ambapo fundi wa mwaka 2100 anaweza kuiomba.